Potasiamu ya mama imefika 5.8 na orodha tuliyopewa haina hata ugali. Nyinyi mnapika nini?

KangemiMpishi

Wadau, habari za jioni. Mama yangu ana sukari na presha za miaka mingi, na sasa figo zimefika hatua ya nne. Hajaanza kuoshwa damu. Vipimo vya wiki hii vimetoa potasiamu 5.8, na karatasi ya maabara inaonyesha mwisho wa kawaida ni 5.0. Daktari akasema apunguze vyakula vyenye potasiamu, tukapewa karatasi mbili zilizorudufiwa mpaka herufi zimefifia.

Nimezisoma zote. Anaruhusiwa bluberi na asparagasi. Anakatazwa aprikoti kavu, ambayo hajaiona tangu azaliwe. Sukuma haimo. Nduma haimo, managu haimo, githeri haimo, ugali wenyewe haumo. Tulichokitambua ni ndizi na viazi tu.

Mimi ndiye mpishi wa nyumba. Soko la Kangemi liko karibu, kwa hivyo kupata kitu si shida, shida ni kujua ninunue nini. Mama ni mtu wa Vihiga: chakula kwake ni ugali na mboga za kienyeji, asubuhi chai ya maziwa na nduma au kiazi kitamu. Dada yangu anasema kila kitu kichemshwe na maji yamwagwe. Mama anasema anayemwaga maji ya mboga amemwaga mboga. Mwenye uzoefu wa jikoni anisaidie.

Ndugu wa Mashine

Pole sana mkuu. Hizo karatasi nazijua, nami nilipewa zangu nikazifanyia kazi ya kuwashia jiko.

Mimi niko kwenye mashine ya kuosha damu, Jumanne na Ijumaa. Nakwambia ninayoyajua kwa mwili wangu, ya kitaalamu atakuja mwenyewe. Nairobi hii kila mtu anajua "ndizi ina potasiamu". Basi mgonjwa anaacha ndizi, anajiona ameshika masharti, halafu anakalia sahani ya mukimo. Ndizi moja ya wastani ina miligramu 420 hivi. Nduma iliyochemshwa, gramu 100 tu, ina karibu 480, na hakuna mtu aliyewahi kula gramu 100 za nduma akaridhika. Parachichi, nusu ya lile kubwa, inakaribia 490. Madafu, kikombe kimoja, 600. Mimi nimewekewa 2,000 kwa siku nzima. Fanya hesabu.

Na usingoje dalili. Mara nyingi hazipo kabisa. Zikija ni miguu kuwa mizito, misuli kulegea, moyo kuruka mapigo. Mtu akifikia hapo ni hospitali usiku huohuo, asingoje kliniki ya Alhamisi.

ShoshoWaGithurai

Wajukuu, sasa mukimo una ubaya gani? Sisi tumelelewa nao.

Ndugu wa Mashine

Shosho, kwako hauna ubaya kama figo zako ni nzima. Hebu tazama kilicho ndani: viazi, mahindi, maharagwe au njahi, na majani ya malenge. Vitatu kati ya hivyo vinne ni vya potasiamu nyingi, na vyote vimepondwa pamoja, hata huwezi kuchagua. Ni chakula kizuri kwa mtu mwingine.

Dada Lishe

Nimeuona uzi huu nikasema niingie. Mimi ni mtaalamu wa lishe, nimefanya kazi na wagonjwa wa figo. Sitachukua nafasi ya daktari wa mama, lakini mengi ninayoulizwa kliniki ndiyo haya.

KangemiMpishi, kabla ya chakula uliza mambo mawili. Kwanza, je, kipimo kilirudiwa? Damu ikitolewa kwa shida, mkono ukafungwa muda mrefu, mgonjwa akaambiwa akunje ngumi tena na tena, au chembe za damu zikapasuka ndani ya chupa, potasiamu hutoka juu kuliko ilivyo mwilini. Kwa mwenye figo za hatua ya nne 5.8 inawezekana kabisa kuwa ya kweli, kwa hivyo hatuipuuzi, lakini daktari hupenda kuirudia na mara nyingine hupima umeme wa moyo. Pili, niambie anameza dawa gani. Losatani, enalaprili, spironolaktoni, hizi dawa za presha na moyo, zote hupandisha potasiamu. SIMAANISHI AZIACHE. Losatani na wenzake ndio wanaolinda figo za mwenye sukari, na kuacha kiholela kumewaharibu wengi. Daktari ndiye wa kupima faida na hasara. Zile za maumivu za kununua dirishani, diklofenaki na ibuprofeni, hizo ndizo za kuacha, maana zinaumiza figo na kupandisha potasiamu kwa pamoja. Mama wa umri huo akiumwa magoti huwa anazo kwenye mkoba.

Sasa jikoni. Figo nzima hutoa karibu asilimia 90 ya potasiamu tunayokula. Zikichoka, inabaki kwenye damu, na kinachoumia kwanza ni moyo. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Ikipita 6 madaktari wanaanza kukimbia.

Ugali wa unga uliokobolewa, ule mweupe wa pakiti, hauna shida kubwa. Unga wa posho wenye maganda yake una potasiamu karibu maradufu. Wali mweupe ndio wa chini kabisa, kikombe kilichopikwa hakifiki hata 60. Chapati ya unga mweupe na mkate mweupe pia ni za chini. Najua mtaniuliza: mama ana sukari, na mwenye sukari ameambiwa aache vyeupe ale unga wa kahawia na wimbi. Ndiyo, hapo masharti mawili yanagongana, na karatasi haikwambii. Kwa mgonjwa wa namna hii mimi humpa cheupe, lakini kidogo: ugali wa ukubwa wa ngumi yake, si ya mwanawe.

Mboga ndipo penye kazi. Spinachi iliyochemshwa, kikombe kimoja kinapita 800. Terere, yaani mchicha, ni hivyohivyo. Sukuma ya kiasi hichohicho huwa 300 au chini ya hapo, kabeji pia karibu 300. Kwa hivyo mtu aliyekwambia "ale mboga za kijani" na aliyekwambia "asile mboga za kijani" wote wamekosea, maana sukuma na spinachi zinalala kwenye meza moja pale sokoni na zinatofautiana karibu mara tatu. Nusu kikombe cha sukuma au kabeji kwa mlo, mama atakula. Managu, kunde na mrenda nazihesabu upande wa terere: chemsha, mwaga, na sahani iwe ndogo.

Dada yako yuko sahihi kuhusu kumwaga maji, lakini kuna namna. Kuloweka viazi usiku kucha kwenye maji baridi, wengi hufanya hivyo, hakusaidii kitu cha maana. Watafiti wa Marekani walilipima hili kwenye viazi mwaka 2008: kuloweka peke yake karibu bure, kukata vipande vidogo na kuchemsha kulitoa nusu ya potasiamu, kukwaruza vikawa nyuzinyuzi kisha kuchemsha kulitoa robo tatu. Moto ndio unaofanya kazi, na udogo wa kipande, na wingi wa maji. Kwa hivyo: menya, kata kidogo, sufuria kubwa, maji mengi, chemsha, mwaga, weka maji mapya, chemsha mpaka viive, mwaga tena. Baada ya hapo ukitaka kaanga na kitunguu.

Na mama asibishane nawe. Maji ya mboga yana vitamini kweli. Yana na potasiamu, na yeye sasa ana shida na hiyo ya pili.

MamaKibanda_Indastrial

Mimi nina kibanda Industrial Area na nasoma hapa nikiona wateja wangu. Kuna mteja wangu mmoja wa figo, aliniambia wazi nami namtunzia. Hii nawaambia bure: shida si maharagwe peke yake, shida ni supu. Madondo yangu nachemsha asubuhi, maji hayamwagwi, ndiyo yanafanya supu nzito, juu yake nyanya ya pakiti. Watu wanapenda kuloweka chapo humo mpaka sahani inang'aa. Huyo wangu namwekea wali, kabeji, na kipande cha nyama kavu bila mchuzi. Anauliza tu. Mwenye kibanda hakasiriki ukiuliza, labda awe na foleni.

Chips naye usijaribu. Hakuna anayechemsha viazi kabla ya kuvitumbukiza kwenye karai.

Dada Lishe

Mama Kibanda ungekuja kliniki unisaidie. Nyanya ya pakiti, kijiko kimoja cha chakula ni kama 160, na watu humimina nusu pakiti. Nyanya moja ya kawaida ni 290. Kwa mama, nyanya nusu kwenye sufuria ya watu wote inatosha rangi. Ladha itoke kwenye kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, dania kidogo, ndimu.

Supu ya mifupa ni vivyo hivyo. Najua Nairobi mtu akiugua tu anachemshiwa supu. Potasiamu ya nyama inayeyuka na kuingia humo. Bora ale nyama, supu wanywe wengine.

Msomaji Tu

Samahani kuingilia. Mimi nina presha tu, figo nimepimwa ziko sawa. Nimesoma mpaka hapa nimeshikwa na hofu, nimemwambia mke wangu asinunue ndizi tena. Nimefanya vizuri?

Dada Lishe

Hapana! Mrudishie ndizi zake. Kwako mambo yamegeuka kabisa. Mwenye presha na figo nzima anafaidika na potasiamu, inasaidia mwili kutoa chumvi na kulegeza mishipa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na wengi wetu hatufiki. Kula maharagwe, kula spinachi, kula parachichi. Uzi huu ni wa watu ambao daktari amewapimia damu akawaambia ipo juu. Usijiwekee masharti ya mgonjwa mwingine.

Jirani wa Roysambu

Na mimi niko upande mwingine kabisa. Dawa ya kukojosha ninayopewa ya moyo, furosemidi, ilinishusha potasiamu hadi 2.9. Usiku misuli ya shavu la mguu inanikaza napiga kelele nyumba nzima inaamka. Nikaambiwa nile ndizi na machungwa na nikapewa vidonge vya potasiamu. Sasa shemeji yangu ana figo, tukikaa meza moja Jumapili ni vichekesho, sahani yangu ndiyo aliyokatazwa yeye.

TibaAsili254

Poleni wagonjwa. Figo husafishika bila mashine. Tuna mchanganyiko wa juisi ya noni, biti na majani maalum, wiki mbili kreatinini, ule uchafu wa damu unaopimwa kujua hali ya figo, inashuka. Njoo inbox.

Ndugu wa Mashine

Wewe ndiye uliyenikosesha rafiki. Sikusemi wewe kwa jina, nasema kazi yako. Jamaa tulikuwa naye zamu moja ya mashine, akaacha kuja akinywa vitu vya chupa. Aliporudi alirudi kwa ambulensi.

Dada Lishe

Juisi ya noni ina potasiamu nyingi, na madaktari wamewahi kuandika habari za mgonjwa wa figo aliyepandishwa nayo huku akifuata masharti mengine yote. Biti nayo imejaa. Mtu mwenye figo nzima akinywa glasi ya biti hana neno. Mwenye figo zilizochoka, ukimkamulia biti, karoti na spinachi kwenye glasi moja, umempa potasiamu ya sahani tatu kwa dakika moja. Na hiyo ndiyo juisi watu huiita ya kuongeza damu na kumpelekea mgonjwa.

Msimamizi, tafadhali angalia hiyo akaunti.

KangemiMpishi

Asanteni sana, nimejifunza mengi kuliko kwenye karatasi. Dawa zake: losatani, ya sukari, na kweli nimepekua mkoba nikakuta diklofenaki, alipewa na jirani. Nimeziondoa, ya losatani nitamwuliza daktari.

Dada Lishe, nikuulize kuhusu chumvi. Mama alipoambiwa presha, tulimnunulia ile chumvi ya duka kubwa iliyoandikwa ina sodiamu kidogo. Ni ghali kuliko ya kawaida, tukajua ndiyo nzuri. Hiyo ina shida?

Dada Lishe

Kaka, itoe nyumbani leo, au iwe ya kwenu na isiguse sufuria yake. Chumvi za namna hiyo hupunguza sodiamu kwa kuweka kloridi ya potasiamu mahali pake. Iliyo ya potasiamu tupu, robo kijiko cha chai peke yake ni zaidi ya miligramu 600, ndizi moja na nusu. Zile za mchanganyiko ni chini ya hapo, lakini mama anaila kila mlo kila siku na haionekani kwenye orodha ya vyakula. Tena kwa mwenye presha asiye na shida ya figo ni chumvi nzuri, ndiyo maana inauzwa kama ya afya. Soma nyuma ya pakiti, si mbele.

Hali hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mjini hapa ukifuata kila ushauri mzuri wa afya unaosikia redioni, chumvi nyepesi, juisi ya biti, parachichi kila asubuhi, unga wa kahawia, uji wenye njugu na wimbi, unaweza kumpeleka mgonjwa wa figo hospitali ukiwa na nia njema kabisa.

Nyar Kisumo

Nina swali kuhusu mboga za kwetu na za Waluhya, maana mpishi kasema mama ni wa Vihiga. Mrenda mnaupikaje, na magadi au na mushereka?

KangemiMpishi

Na mushereka. Akija kutoka nyumbani huja na chupa yake. Anasema magadi ya dukani yanaharibu tumbo.

Nyar Kisumo

Basi hapo tungoje mtaalamu. Mimi si daktari, ila nilifundisha kemia, na mushereka ni majivu. Mnachoma maganda makavu ya maharagwe, mnayaweka kwenye chombo chenye matundu, mnamimina maji juu, yanayochuruzika ndiyo mnayopikia. Majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi, na hiyo ndiyo inayoyeyuka kwanza maji yakipita. Tangu zamani ndivyo watu walivyopata potasiamu ya kutengenezea sabuni.

Dada Lishe

Mwalimu, umenishinda. Huwa nauliza chumvi, nauliza supu, mushereka sijawahi kuuliza hata mgonjwa mmoja, na kuanzia kesho nitauliza. Uko sahihi. Kiasi hutegemea maganda gani yamechomwa na yamechujwa kwa ukali gani, kwa hivyo siwezi kumwandikia mtu namba, lakini kwa mwenye 5.8 jibu ni asitumie. Na asikimbilie magadi kama mbadala, hiyo ni sodiamu, itamvimbisha miguu na kupandisha presha.

Kaka, mboga achemshe kwenye maji mengi bila kitu, amwage, kisha akaange na kitunguu na mafuta kidogo. Mrenda ndio mgumu kwa sababu ute wake ndio utamu wake, ukimwaga maji umebaki na majani. Bora uwe wa siku moja moja, vijiko viwili pembeni mwa ugali, kuliko kumpikia mrenda uliooshwa akaususia.

KangemiMpishi

Kumwambia mama aache mushereka... hiyo kazi nitampa dada yangu.

Kingine: sukari yake hushuka wakati mwingine, hasa alfajiri. Tumezoea kumpa juisi ya machungwa haraka.

Dada Lishe

Glasi ya juisi ya machungwa ni miligramu 450 au zaidi. Mpe sukari ya kawaida iliyokorogwa kwenye maji, au glukosi ya unga kutoka duka la dawa. Inafanya kazi ileile na haina potasiamu. Na mwambie daktari inashuka, kwa sababu figo zikichoka dawa za sukari hukaa mwilini muda mrefu, huenda kipimo kinahitaji kupunguzwa.

Na pia hakikisha anapata choo. Figo zikidhoofika utumbo hubeba sehemu kubwa zaidi ya kutoa potasiamu, kwa hivyo mama akikaa siku tatu bila choo namba inapanda hata kama amekula vizuri. Ndiyo maana sitaki mgonjwa aache mboga na matunda yote. Hata mwongozo wa kimataifa wa figo wa KDIGO uliotoka 2024 unawataka wagonjwa kuangalia kwanza vyakula vya viwandani, kwa sababu potasiamu inayoongezwa kiwandani huingia kwenye damu karibu yote, ila ya mmea mzima huingia kwa sehemu. Soseji na smokie, soma kibandiko, ukiona fosfati ya potasiamu au kloridi ya potasiamu rudisha kwenye friji ya duka.

Ndugu wa Mashine

Smokie nazo? Dada sasa unatuua.

MamaKibanda_Indastrial

Smokie pasua ya barabarani haina kibandiko 😂 Na kachumbari ndani.

ShoshoWaGithurai

Mimi nauliza matunda. Watu wa kanisa wakija kumwona mgonjwa wanabeba matunda, huwezi kuja mikono mitupu. Tubebe gani?

Dada Lishe

Shosho, swali zuri. Tufaha moja ni kama 195. Nanasi, kikombe cha vipande, 180. Hayo mawili yanabebeka na hayana aibu. Tikiti maji ukipima kwa gramu ni la chini, lakini hakuna anayekula kidogo: kipande kile kikubwa cha kushika kwa mikono miwili ni 320, na kina maji mengi ambayo mgonjwa wa mashine amewekewa kiwango. Acheni nyumbani ndizi, parachichi, machungwa ya wingi, matunda ya pasheni na tende. Karambola, lile tunda la pembe tano linalopatikana zaidi Pwani, mgonjwa wa figo asiliguse kabisa. Lina sumu inayopanda kichwani figo zikishindwa kuitoa, na si jambo la potasiamu tu.

Au bebeni mayai. Yai moja halifiki 70, na protini yake ni nzuri kwa mtu wa mashine.

Ndugu wa Mashine

Naunga mkono mayai. Mimi sahani yangu ya kawaida, kwa yeyote anayetaka kujua: asubuhi chai yenye maziwa ya kugeuza rangi tu, maana kikombe kizima cha maziwa ni 350, na mkate na yai. Mchana nje huwa wali kabeji. Jioni ugali, sukuma ya kuchemsha na kukaanga, nyama kipande cha kiganja. Siku ya mashine, wauguzi wakishaniunganisha, saa ya kwanza nakula nusu ndizi. Daktari anajua. Yeye mwenyewe aliniambia nikitaka kuiba niibie pale, maana mashine inaendelea kuitoa. Ninayemwogopa ni Jumapili, siku ya pili tangu Ijumaa na mashine bado mpaka Jumanne, na ndiyo siku ya kuitwa harusini.

Salma wa Eastleigh

Assalaam alaykum. Nami nina langu, ingawa Ramadhani haijafika. Baba yangu tumemleta kutoka Lamu, anaoshwa damu mara mbili kwa wiki hapa mjini. Ameshika kwamba atafunga. Kwetu futari ni tende, madafu, mhogo wa nazi au viazi vitamu, ndizi za kupika, na maharagwe ya nazi. Nimesoma uzi huu nimehisabu, futari moja imemaliza siku mbili za Ndugu wa Mashine.

Dada Lishe

Wa alaykum salaam dada. Kufunga kwenyewe mwache aamue na daktari wake pamoja na shehe, na mapema, si usiku wa mwezi kuandama. Mtu wa mashine akikaa na njaa saa nyingi, potasiamu hutoka ndani ya seli na kupanda hata kama hajala kitu, kwa hivyo si suala la futari peke yake. Wengi huruhusiwa kutofunga na wakatoa fidia.

Kama anakaa tu mezani na familia bila kufunga, mpe naye ladha ya mwezi. Tende ndogo moja ni kama 50, kubwa zile za nyama nyingi ni 160 na zaidi, kwa hivyo achukue moja ndogo na glasi ya maji aliyopimiwa. Madafu hapana kabisa. Wali wa nazi kidogo, sambusa za nyama mbili, tambi za sukari kama hana kisukari. Ndizi za kupika na maharagwe apishe.

Salma wa Eastleigh

Ahsante sana. Madafu nitamficha. Na mhogo? Ndio anaoupenda kuliko vyote, na akiuona kwenye meza hanisikii tena.

Dada Lishe

Vipande viwili vidogo, na si siku iliyo kabla ya mashine. Ukate mdogo, uuchemshe mara mbili, maji yote umwage, ndipo utie tui.